Muulize Mjomba: kiwanja cha bondeni, vinyungu, na nani kaukausha Ruaha

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za mabonde na vinamasi, sikutegemea simu ingejaa meseji hivi, nyingine zina matusi lakini tumeshazoea. Nimechagua nne, zilizobaki zinafanana na hizihizi kwa hiyo usiponiona nimekutaja usinune.

*Shikamoo Mjomba. Mimi na mume wangu tumepata kiwanja hapa Dar, bei ni kama nusu ya vile vya juu, kiko bondeni karibu na kijito kinachoingia Mto Msimbazi. Dalali anasema tukimwaga lori kumi na tano za kifusi panakuwa pagumu kabisa. Majirani wameshajenga na umeme upo. Tununue? Mama wa wawili, Dar es Salaam.*

Marahaba mama. Msinunue. Ningeishia hapo ila najua dalali ana mdomo, ngoja na wewe nikupe cha kumjibu. Mimi nilishapanga chumba bondeni, mvua za Desemba 2011 zikanikuta hukohuko, na maji hayakuanzia mlangoni kama watu wanavyodhani, yalianzia chooni, nilisikia harufu kwanza kabla sijaona kitu, nashusha mguu kitandani nakanyaga maji, nikabeba vyeti na redio (redio ya nini hata sijui) nikapanda ukuta wa jirani tukakaa pale mpaka kunakucha. Baada ya hapo serikali ikawapa watu viwanja Mabwepande, wengine wakaenda, wengine wakaenda wakarudi, halafu Desemba 2015 zikaja X nyekundu na tingatinga. Zilizobomolewa zilikuwemo zenye umeme na za watu waliokaa miaka na miaka, kwa hiyo hilo la umeme upo mwambie dalali akaweke kwake.

Sasa kifusi. Msimbazi unatokea vilima vya Pugu huko Kisarawe, unakatiza mji wote, unamwaga baharini kwenye mikoko pale Salenda. Mvua kubwa ikinyesha huko juu maji hayawezi kupita yote kwa mara moja, lazima yatawanyike kwanza yatulie, na pa kutulia ndo hapo kwenye matete mnapopaita kiwanja. Ukimwaga lori kumi na tano maji hujayafukuza, umeyapeleka kwa jirani, na yeye mwakani atamwaga ishirini yarudi kwako. Nani asiyejua Jangwani masika? Barabara inafungwa, na karakana ya mabasi ya mwendokasi waliyoijenga palepale ikawa inazama kila mara, na hao walikuwa na mainjinia, nyie mna dalali.

Kama bado roho inakudunda nenda mvua ikinyesha, nenda peke yako. Tazama kuta za majirani, maji yakisimama yanaacha mstari wa kahawia, usimame pembeni uone unakufika gotini au kiunoni. Muulize mama anayekaanga maandazi pale, sio aliyejenga juzi. Kisha mguu mpaka halmashauri, mipango miji, uone ramani ya eneo kwa macho yako mwenyewe, usikubali ya kwenye simu ya dalali.

*Habari Mjomba. Niko Mufindi. Kinyungu chetu babu alilima, baba akalima, na mimi nasomesha watoto kwa hichohicho. Wamekuja wanasema mita 60 kutoka mtoni tuondoke. Januari tutakula nini? Mkulima.*

Nzuri ndugu yangu, na swali lako limeniuma maana nawajua watu wengi wanaoongea vinyungu hawajawahi kula hindi bichi la mwezi wa kwanza wakati ghala limebaki vumbi. Kwa wasomaji wa pwani, kinyungu ni shamba la bondeni, kule nyanda za juu wanalima kiangazi kwa unyevu uleule wa ardhi bila mvua, mahindi, maharage, kabichi.

Hizo mita 60 hawakuzitunga kijijini. Ziko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, na kinachokatazwa ndani yake ni shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa namna yake zinaweza kuharibu hifadhi ya mto, ziwa au bwawa. Kwa hiyo cha kwanza pimeni, na aliyekuja kuwatoa apime mbele yenu akianzia kwenye kingo ya mto, maana nimeona mahali watu wanakadiria kwa hatua za miguu na mwenye miguu mirefu ndo anashinda kesi. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko hapo Iringa, andikeni barua kama kikundi, mkiwa na jumuiya ya watumia maji ndo vizuri zaidi, mtu mmojammoja huwa anapigwa danadana.

Ila na wewe nikuambie ukweli wako. Kinyungu cha babu na cha leo sio kimoja. Babu alilima vituta juujuu akaacha katikati ya bonde na majani yake, leo watu wanachimba mifereji inafika kiunoni ili bonde zima likauke haraka wapande mapema. Ule udongo mweusi wa bondeni unashika maji kama sponji, chukua tonge ukamue uone. Ukishautoboa mfereji mrefu maji yanashuka, juu unakauka unapasuka, na ukikauka sana ukapitiwa na moto unaungua chinichini siku kadhaa moshi unatoka ardhini. Mwaka wa kwanza unavuna sana, mwaka wa nne unalaumu mvua. Na kama mmepanda milingoti (mikaratusi) kwenye chemchemi mng'oe tu, huo mti unakunywa kama una mashindano, pandeni mivengi, ile miti ya asili ya bondeni. Mfereji mrefu uzibeni kwa viroba vya udongo kila baada ya hatua chache ili maji yasikimbie. Zaidi ya mita 60 mtalima hivyo miaka yote.

*Mjomba mambo. Eti Ramsar ni shirika la wazungu linalochukua ardhi zetu? Mwanafunzi, Kigoma.*

Poa. Ramsar ni mji, uko Iran, pembeni ya bahari ya Kaspi, walikutana pale tarehe 2 Februari 1971 wakasaini mkataba wa ardhioevu, yaani vinamasi na mabonde ya maji, ndo maana kila 2 Februari unasikia hotuba za siku ya ardhioevu. Tanzania tulijiunga mwaka 2000, tukaandikisha maeneo manne, na wewe la kwanza liko kwenu hukohuko, Malagarasi na Muyovozi, hekta zaidi ya milioni tatu, Ubelgiji nzima inaingia na nafasi inabaki, kuna yule korongo nyangumi mwenye mdomo kama kiatu. Mengine ni Ziwa Natron wanakozalia ndege heroe, bonde la Kilombero, na Rufiji, Mafia, Kilwa. Hakuna mzungu aliyepewa hati. Mkataba wenyewe unasema matumizi ya busara, maana yake kuvua na kuchunga na kulima vinaruhusiwa kwa kipimo, na kipimo chenyewe tunapanga sisi, wala usisingizie Iran tukikosea.

*Mjomba, hapa kijiweni Iringa tumewekeana kreti ya soda. Mimi nasema Mto Ruaha Mkuu unakaushwa na ng'ombe walioingia Ihefu, jamaa yangu anasema ni wakulima wa mpunga Mbarali. Amua. Dereva.*

Nilitaka hili liwe la mwisho kwa sababu lina maneno. Kwanza ujue maji yanavyokwenda. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na huo Ruaha wenyewe inashuka milimani inaingia bonde la Usangu, inajikusanya kwenye kinamasi cha Ihefu, na kinamasi kina mlango mmoja tu, mwamba wa Ng'iriama. Huo mwamba ni kama ukingo wa beseni. Maji yakiwa juu ya ukingo yanamwagika kwenda hifadhi ya Ruaha, mpaka Mtera, mpaka Kidatu, unawasha taa. Yakishuka hata kidogo chini ya ukingo mto unasimama, japokuwa Ihefu ndani bado kuna maji ng'ombe wanaogelea. Ndo maana watu wanabishana, mmoja anasema mbona maji yapo, mwingine yuko hifadhini anaona viboko wamerundikana kwenye tope la shimo moja wanapigana, na wote wanasema kweli.

Mto ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, tangu hapo karibu kila mwaka. Mwaka 2006 wafugaji wakatolewa Usangu, ng'ombe wakasombwa mpaka Lindi, na 2008 Usangu ikaunganishwa na hifadhi. Sasa niambie wewe, kama ilikuwa ng'ombe peke yao, mbona mto uliendelea kukauka? Nikupe jingine, nenda Usangu mwezi wa tisa mpunga umeshavunwa zamani, utakuta banio, lile lango la kuingizia maji mferejini, liko wazi na mfereji umejaa, maji yanazunguka kwenye majaruba matupu yanapigwa na jua, hakuna mmea hata mmoja, ukiuliza unaambiwa tukifunga wa juu watachukua, na wa juu ukimuuliza anakujibu hivyohivyo kuhusu wa chini. Skimu kubwa za mpunga zilijengwa kuanzia miaka ya sabini mpaka tisini. Kibali cha kutumia maji wengi wanacho ukutani, kiasi kilichoandikwa hakuna anayekisoma.

Lakini jamaa yako asicheke sana. Ng'ombe wengi wakiingia kwenye kinamasi kiangazi wanakanyaga udongo unashikamana kama sakafu, matete hayaoti tena, mvua ikija maji hayaingii yanateleza juu. Wingi wao ni tatizo, na waliwahi kurudi zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo nikipima, wa mpunga ana lawama kubwa zaidi, ng'ombe wako anafuata kwa mbali kidogo. Wewe lipa chupa kumi na sita za hiyo kreti, jamaa alipe nane, na mkinywa nitumieni picha nione kama banio mmefunga.