Kura ya maoni ya jimbo haivunji nchi papo hapo
Mkuu, umeuliza kama Quebec, jimbo la Kanada, wakipiga kura ya kujitenga na "ndiyo" ikashinda, Kanada inavunjika siku hiyohiyo. Hapana. Mwaka 1995 kambi ya "hapana" iliponea chupuchupu, asilimia 50.58, na Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, walishtuka kwelikweli. Wakaenda Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1998 ilisema jimbo haliwezi kujitoa peke yake. Ila swali likiwa wazi na wengi wakakubali bila utata, pande zote lazima zikae mezani. Wengi kiasi gani? Haikutaja, na ugomvi wote umelala hapo.

Alberta, jimbo jingine la Kanada, nao mwaka 2021 walipigia kura kuondoa kwenye katiba mgao wa fedha kwa majimbo yenye mapato madogo. Takribani asilimia 62 walikubali. Mgao bado upo.