Kwa mnaoanza kuwahoji vijana wa China kuhusu hisia zao

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia madodoso yenu mawili. Kosa langu la zamani nimelikuta humo humo, neno kwa neno.

1. Msijumlishe alama zote. Dodoso la wanasaikolojia Gross na John la 2003, la kupima jinsi mtu anavyoziongoza hisia zake, lina vipengele 10: 6 vya kulitazama tukio kwa jicho jingine, 4 vya kuzuia hisia isionekane. Hivyo ni vipimo viwili. Viwili, jamani!

2. Neno "kudhibiti". Hapa nitakaa. Nilipokuwa nasoma China nilitaka kujua kama wanafunzi wa sekondari ya juu wanaamini kwamba mtu anaweza kuibadilisha hisia yake. Nikatumia neno kongzhi, kudhibiti. Karibu wote wakakubali, nami nikaandika kwa furaha kwamba imani yao ni kubwa, nikamkabidhi msimamizi wangu. Kwenye mahojiano, binti mmoja wa mwaka wa mwisho, ambaye kila usiku alibaki darasani akijisomea kwa ajili ya gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, akaniambia taratibu: kudhibiti ni usoni, ndani kunabaki vile vile. Akanichorea herufi ya Kichina ren, yaani kuvumilia: makali ya kisu juu, moyo chini yake. Nikarudi kwenye karatasi yake. Alikuwa ameweka 6 kati ya 7, nami nilishamhesabu miongoni mwa walio salama. Mimi niliyelelewa kwa "jikaze, usilie", nilikosaje kulisikia hilo? Nilipima uso, nikaandika habari za moyo. Sura nzima niliiandika upya, lakini yule binti hakuwa na wa kumrudia. Nilishaondoka shuleni kwao bila kumuuliza anaendeleaje. Hilo bado linaniuma.

3. Wala msigeukie upande wa pili mkamwona kila anayenyamaza ni mgonjwa. Mwaka 2011 mtafiti Soto na wenzake walikuta kwamba kuficha hisia kuliambatana na hali mbaya ya nafsi kwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya, si kwa Wachina wa Hong Kong. Ila wale walikuwa wanafunzi wa chuo. Mtoto wa miaka 14 anayelala bwenini msimpachike matokeo yao.

4. Mwalimu wa darasa atoke nje. Kwangu alibaki akipita kati ya madawati, na watoto wakajibu kama wanavyojibu mtihani.

5. Msiende Mei, gaokao huanza 7 Juni, waacheni wapumue. Na lile neno "kudhibiti" kwenye kipengele cha tatu cha madodoso yenu mlibadilishe leo, kabla hamjachapisha.