Matanga yakishaanuliwa: majibu kwa wafiwa

Barua tano za wiki hii zimetoka Mwanza na visiwani. Karibu zote zina wazo lilelile: kumfuata marehemu. Nazijibu kama muuguzi, na kama mtu aliyewahi kufiwa.

*Shikamoo dada. Mume wangu alikuwa mvuvi, alifia ziwani miezi miwili iliyopita. Usiku natamani nimfuate. Nimechanganyikiwa? (Mama wa watatu, Kirumba)*

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hujachanganyikiwa. Wafiwa wengi hupitiwa na wazo hilo, hasa aliyempoteza mwenzi. Siku za mwanzo msiba una watu: turubai, masufuria ya majirani, akina mama wamelala mikekani sebuleni. Kisha matanga yanaanuliwa, viti vya kukodi vinarudishwa, na wewe unabaki na kandambili zake pale mlangoni. Huo ndio wakati wa kumhofia mfiwa, na ndio wakati ambao hakuna anayebisha hodi.

Ila nisikilize. Kutamani kumwona tena ni jambo moja. Kuanza kupanga utakufaje na lini ni jambo jingine, nalo halingoji kesho. Kama umefika huko, usilale peke yako leo. Mwite dada, wifi au jirani unayemwamini, mwambie waziwazi: "Nawaza kujiua, naomba ulale kwangu." Dawa na kitu chochote cha hatari akakitunze kwake. Ule ukali wa wazo mara nyingi haudumu. Hupanda, kisha hushuka, na mtu aliye kando yako hukusaidia uvuke. Usiku ukizidi kuwa mgumu, nendeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Ukipambazukiwa salama, nenda kituo cha afya au hospitali ya Bugando hapa Mwanza, kuna idara ya magonjwa ya akili.

Na kama ndugu wa marehemu wanagombania nyavu na injini, au kuna deni linalokunyima usingizi, liseme hilo pia. Nimeona wajane ambao hawakutaka kufa. Walitaka tu mzigo uwatoke. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo kwa ajili hiyo.

*Tangu mama afe, kaka ameacha kwenda kazini mwaloni, haongei. Juzi alinipa simu yake akasema hana kazi nayo tena. Naogopa kumuuliza nisije nikampa wazo. (Igogo)*

Muulize leo. Utafiti haujaonyesha kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua kunampandikizia wazo; wengi hupumua. Usimwambie "huwazi mambo ya kijinga, eti?", maana hapo umeshamjibia. Mwambie: "Kaka, umenipa simu yako na nimeogopa. Unawaza kujiua?" Kisha nyamaza. Niliwahi kumuuliza kijana hivyo, akakaa akibandua karatasi ya chupa ya maji kipande kwa kipande. Ilipokwisha yote akasema, "Ndiyo." Ningefungua mdomo kabla, nisingelisikia jibu hilo.

Akikubali, usimwache peke yake na usimwahidi kutunza siri. Mpelekeni hospitali. Na anayetaka kumwambia "jikaze, wewe mwanaume", mwombeni akae pembeni.

*Mwanangu alijiua mwaka jana. Mazishini walikuja wachache, wengine walinong'ona ni laana. Siku hizi naona heri nami nife. (Baba, Ukerewe)*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, watu zaidi ya 220 walikufa na nchi nzima ilivaa msiba. Wewe umemzika mtoto huku watu wakinong'ona. Uchungu wako si mdogo kuliko wa wale.

Si laana. Mtu hujiua pale maumivu mengi yanapokutana: ugonjwa wa akili, hasara, aibu, upweke. Unayoyakumbuka sasa kama dalili hayakuwa na sura hiyo siku ile, na hukuwa na namna ya kuyasoma ulivyoyasoma baadaye. Lakini aliyefiwa kwa njia hii naye yuko kwenye hatari zaidi ya kujiua, kwa hiyo maneno yako siyachukulii kama ya huzuni tu. Mwambie mkeo au ndugu leo, na mwende hospitali ya wilaya Nansio. Huzuni inayomkaba mtu kupita miezi 6 hadi ashindwe kuishi, Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa ugonjwa, na inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu.

*Nikisema hospitalini nawaza kujiua, nitakamatwa? (Buhongwa)*

Hapana. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inazungumzia kujaribu kujiua. Kuwaza si kosa. Nenda. Na aliyekwisha kujaribu, kimbizeni akatibiwe kwanza.

*Mtoto wa marehemu dada yangu ana miaka 9. Anasema anataka kwenda mbinguni kwa mama. Tumeficha picha zote asilie. (Igoma)*

Muulize, bila kumkaripia, akifika huko anadhani itakuwaje. Huenda anataka tu kumwona na kurudi jioni. Huenda ni zaidi. Msimwambie mama amesafiri au amelala. Mwambieni amekufa, harudi, na si kosa lake. Pigeni 116, namba ya huduma kwa watoto, ni bure. Na picha mrudishieni, aweke anapotaka yeye.