Barua kwa mwanangu: Gunia ukutani Seoul

Mwanangu Rehema,

Hujambo mama? Huku Shinyanga sisi wazima, ila mama yako goti linamsumbua tangu mvua zianze.

Nilipokutumia zile picha kutoka mafunzoni Seoul, Korea Kusini, ulinijibu: "Baba, hili si gunia limepakwa rangi? Hata Junior wa chekechea angeweza. Umeona nini hapo?" Sikukujibu siku ile kwa sababu jibu halikuwa la kuandika kwa kidole kwenye simu. Sasa nimerudi na ripoti ya mafunzo nimeshaikabidhi, kwa hiyo nina nafasi.

Jumapili ile tulipewa mapumziko. Wenzangu wengi walikwenda kununua zawadi soko la Namdaemun. Sisi wachache tukamfuata mwenyeji wetu kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kisasa, halafu kwenye magalari ya mitaa ya jirani. Mimi nilidhani nitaona milima, ndege korongo na mianzi, maana hiyo ndiyo picha ya Asia niliyokuwa nayo kichwani kutokana na kalenda za madukani.

Ni kweli, lile ni gunia. Aliyelifanya ni Ha Chong-hyun, mzaliwa wa 1935. Unajua kazi yangu pale ushirika: magunia nimeyapokea, nimeyahesabu, nimeyakataa. Kwa hiyo nilisogea kulikagua kabla hata sijajiuliza kama ni sanaa. Nyuzi ni nene na zimeachana. Rangi haikupakwa kwa mbele. Ameiweka nyuma, nzito, akaisukuma kwa nguvu mpaka ikatokeza upande wa pili kwenye matundu, kama unga unavyopenya gunia bovu. Ukitazama kwa ubavu unaona vinundu vya rangi, kila kimoja na tundu lake. Vingine amevikandamiza, vingine amevifuta kwa mpapaso mmoja mrefu wa mkono, vingine ameviacha vilivyotoka, vimelegea kidogo kwa uzito wao. Kazi hizi alizianza 1974, na zote anaziita kwa jina moja, Muunganiko, zikitofautishwa kwa namba.

Sasa, kwa nini gunia? Vita ya 1950 hadi 1953 iliiacha Korea hohehahe. Chakula cha msaada kutoka Marekani kiliingia kwa magunia, wakati vifaa vya kuchorea vilikuwa shida na ghali. Mchoraji akachukua kilichokuwepo. Kabla ya hapo alishatumia magazeti, hata seng'enge. Na wakati huo nchi iko mikononi mwa Jenerali Park Chung-hee, aliyetwaa madaraka 1961, kisha 1972 akatangaza utawala wa kijeshi na kubadili katiba ili asiondoke. Seng'enge iliyotundikwa ukutani katika nchi ya namna hiyo haihitaji mtu wa kukufafanulia.

Nije kwa Junior. Yupo mwingine, Park Seo-bo, ambaye mwenyewe alisimulia kwamba jambo lake alilipata kwa mtoto wake wa miaka 3. Ilikuwa 1967. Mtoto alikuwa anajaribu kuandika kwenye daftari la visanduku. Herufi zinatoka nje, anafuta. Anaandika tena, anafuta tena, mpaka karatasi imekunjamana. Mwisho akapandwa na hasira, akaikwaruza yote kwa penseli na kuachana nayo. Baba mtu akaona kwamba kule kusalimu amri ndiko alikokuwa akikutafuta kwenye uchoraji. Akawa anapaka kanvasi rangi nyeupe ya mafuta, na kabla haijakauka anapitisha penseli, mstari juu ya mstari; anaifunika kwa rangi, anaanza upya. Baadaye akahamia karatasi ya kwao iitwayo hanji, anailowesha na kuisukuma mpaka inafanya matuta. Aliendelea hivyo hadi alipofariki Oktoba 2023, akiwa na miaka 91. Kwa hiyo mtoto wa chekechea kweli angeweza kuanza. Lakini yule wa kwao aliacha mchana uleule.

Kim Whanki, mchoraji wa vidoti vya buluu visivyohesabika, hakunigusa. Mwenyeji wetu alianza kwa kutuambia kwamba 2019 picha yake moja ilinadiwa Hong Kong kwa kama dola milioni 13, na baada ya hapo nilichokuwa natafuta kwenye vidoti ni hizo milioni. Usimtajie mtu bei kabla hajatazama.

Aliyenishika hasa ni Yun Hyong-keun, aliyeoa binti wa huyo Kim. Kwa mbali ni nguzo mbili tatu nyeusi kwenye kitambaa kisichotiwa chochote, basi. Sogea: si nyeusi. Ni buluu na rangi ya udongo zimepakwa moja juu ya nyingine. Mwenyewe alisema ni mbingu na ardhi. Alizizimua kwa tapentaini ili kitambaa kizinywe, akarudia na kurudia, na mafuta yametambaa kuliko rangi, kwa hiyo kila nguzo ina ukingo wa hudhurungi hafifu unaokwenda ukififia. Ukingo huo hakuuchora yeye. Kitambaa kilijifanyia.

Mtu huyu aliponea chupuchupu kuuawa mwanzoni mwa vita. 1973, akiwa mwalimu wa sekondari ya wasichana, alihoji jinsi mwanafunzi mmoja alivyopokelewa kwa upendeleo wa wakubwa. Wakamfunga kwa sheria ya kupinga ukomunisti. Alipotoka, kazi hakuna, na wapelelezi wanamfuatilia. Ni hapo, na umri wake wa miaka 45, alipoanza kuchora kwa nguvu zote, na rangi za kuvutia akawa ameagana nazo. Mei 1980 wanajeshi walipoua waandamanaji mjini Gwangju, nguzo zake zilianza kuinama na kuegemeana, nyingine zinaanguka kabisa. Na makumbusho yenyewe, yaliyofunguliwa 2013, yamejengwa palipokuwa makao ya idara ya usalama wa jeshi. Hilo nililijua wakati tunatoka, nikatamani nirudi ndani.

Najua utauliza kwa nini hawakuchora watu, wanajeshi, damu. Hata vijana wa kwao waliwauliza. Miaka ya 1980 walitokea wasanii wa Minjung, yaani wa wananchi, waliochonga picha kwenye mbao na kuchora mabango ya kubebwa kwenye maandamano. Kwao, wazee hawa wa picha za rangi moja walikuwa wamejificha. Park Seo-bo na Ha walikuwa walimu wenye heshima zao Chuo Kikuu cha Hongik, na ukimya huo haukumsumbua mtawala. Hoja ina uzito, siwezi kuitupa. Ila kwa Yun naona haimshiki, yeye alishalipa. Katika hao wa Minjung, mtafute Oh Yoon, aliyefariki 1986 akiwa na miaka 40. Amechonga wakulima na wacheza ngoma kwa mistari mizito, na wale watu utawafahamu bila kuambiwa chochote.

Kwenye bahasha hii nimeweka postikadi mbili, moja ya Yun na moja ya Oh Yoon. Ya Yun ni yako. Chapa imeua ule ukingo, lakini ndiyo iliyopatikana. Ya Oh Yoon itazame, muoneshe na Junior, halafu mpe shemeji yako anirudishie akija Pasaka. Naihitaji ofisini.

Baba yako