Kama saa yako ya mazoezi ni alfajiri tu

Hapa Lubumbashi wengi wetu tunafanya sport alfajiri kwa sababu hatuna saa nyingine. Saa 1 asubuhi unatafuta basi, saa 12 jioni giza linaanza kuingia, na kukimbia gizani kando ya barabara inayopita malori ya madini simshauri mtu yeyote. Kwa hiyo nikisema mwili una saa zake, siwaambii watu waache alfajiri. Nasema tuuombe mwili wa alfajiri kazi inayoufaa, maana jioni una nguvu nyingine kabisa.

Joto la ndani ya mwili hupanda na kushuka kila siku. Hufika chini kabisa mwisho wa usiku, kama saa 10 au 11 alfajiri, kisha hupanda polepole mchana kutwa hadi jioni mapema. Kwa wengi tofauti haizidi sana digrii moja, lakini misuli inaihisi: ikipata joto hulainika, na amri za ubongo huifikia upesi zaidi. Ratiba hiyo inaongozwa na kundi dogo la seli ndani ya ubongo linalopokea habari za mwanga kutoka machoni. Seli nyingine za mwili nazo zina saa zake ndogo. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hizo zinavyofanya kazi.

Mwaka 2020 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha hesabu ya muda wa waogeleaji katika Olimpiki nne, kuanzia Athens 2004 hadi Rio 2016. Kasi nzuri zaidi ilipatikana karibu na saa 11 jioni. Kama wale, waliofundishwa tangu utoto, saa inawagusa, mimi na wewe tutapona?

Ndiyo maana katika kikundi chetu cha Kampemba sipendi kusikia mtu akisema, "Leo nimekuwa mzito, naona nazeeka." Ulikimbia saa 11 na nusu, mwezi wa 6, baridi ya kipwa inauma masikio! Ukitaka kujua kama unaendelea mbele, linganisha asubuhi na asubuhi. Muda wa Jumamosi jioni uuweke kando.

Asubuhi anza kwa kutembea, dakika kumi au kumi na tano, kisha mbio za polepole ambazo bado unaweza kuongea na mwenzako. Fulana ya pili usiivue mpaka jasho litoke. Mbio za kasi, kuruka na vyuma vizito viwekeni jioni ya Jumamosi au Jumapili, wakati mwili wenyewe umekwisha kupata joto.

Kuhusu mgongo nitasema kwa nguvu, kwa sababu naona watu wanaumia bure. Usiku, mtu akiwa amelala, diski zilizo kati ya mifupa ya uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba. Unaamka mrefu kuliko ulivyolala, kwa sentimita moja au zaidi, na mgongo ukiwa mgumu. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka katika saa ya kwanza ya kusimama na kutembea. Basi kutoka kitandani na kuinama moja kwa moja kugusa vidole vya miguu, au kujikunja tumbo mara hamsini sakafuni, ni kuubana mgongo saa ambayo haupendi kubanwa. Mama anayeamka kuinua bidoni ya maji na papa anayepakia mifuko ya makala wajihadhari vilevile: tembeeni kwanza, kisha kunjeni magoti na mgongo ubaki umenyooka.

Wengine wanakimbia bila kula wakiamini mafuta ya tumbo yataisha haraka. Ni kweli kwamba saa ile mwili huchoma mafuta zaidi, lakini baada ya wiki nyingi uzito unafuata jumla ya chakula na kazi ya siku nzima. Kama tumbo tupu linakupa kizunguzungu, kula ndizi uende.

Mwenye ugonjwa wa sukari namshauri atembee baada ya chakula, hasa baada ya bukari ya jioni. Hata robo saa inasaidia kuzuia sukari isipande sana. Anayetumia insulini azungumze kwanza na daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mwenye tansio ajue kwamba damu hupanda yenyewe mtu anapoamka, kwa hiyo dawa isisahaulike na mwanzo uwe wa polepole zaidi. Mwenye pumu ana shida mbili alfajiri: njia za hewa huwa nyembamba zaidi mwisho wa usiku, na hewa ya kipwa ni baridi na kavu. Mwezi wa 6 na wa 7 huyo asubiri jua lipande, pampu yake ikiwa mfukoni.

Jioni nayo ina mpaka. Mazoezi makali yakiisha chini ya saa moja kabla ya kulala, moyo bado unapiga mbio na joto halijashuka, usingizi unachelewa.

Jambo linalonipa moyo ni kwamba mwili unafundishika. Ukifanya mazoezi asubuhi, saa ileile, kwa wiki kadhaa, pengo kati ya asubuhi na jioni hupungua. Vijana wa kartie wanaojiandaa kwa mashindano nawaambia hivyohivyo: kama mechi itaanza saa 9 na nusu alasiri, wiki za mwisho ombeni uwanja saa hiyohiyo, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki, na mle chakula cha mchana saa mtakayokula siku ya mechi.