Bima ya afya Ghana inalipwa na kodi, sio michango ya wanachama

Kuna mtu anasema NHIS, yaani bima ya afya ya taifa ya Ghana, inabebwa na michango ya wanachama. Hapana mkuu, sehemu kubwa ya hela inatoka kwenye tozo ya 2.5% inayokatwa kwenye bidhaa na huduma. Ukinunua kitu duka kubwa pale Accra cheki risiti, utaona mstari wake umeandikwa NHIL, ndo jina la hiyo tozo ya bima ya afya, kwahiyo hata asiye na kadi ya bima anachangia akinunua bidhaa inayotozwa. Wafanyakazi wa ajira rasmi wanakatwa 2.5% nyingine kupitia mfuko wao wa pensheni SSNIT, sasa ile ada ya mwaka ya watu wa sekta isiyo rasmi ni sehemu ndogo sana ya mapato, na watoto chini ya miaka 18, wazee wa 70 na kuendelea na wajawazito hawailipi kabisa. Sheria yenyewe ilipita 2003 enzi za rais Kufuor, kabla ya hapo ilikua lipa kwanza ndo utibiwe, watu wanafia nyumbani kwa kukosa hela ya kumuona daktari, ndo maana mimi naona ile tozo ni moja ya maamuzi bora kabisa waliyofanya.

Ila usidhani kila kitu bure, kuna dawa haziko kwenye orodha yao, na miaka mingi hospitali zimelalamika kucheleweshewa malipo ndo unakuta mgonjwa ana kadi mkononi na bado anaambiwa akanunue dawa nje.