Ukienda kuogelea Kigoma, kabla ya kuvua nguo angalia kwanza boti zinapitia wapi

Wageni wengi wakishuka hapa mwisho wa reli swali lao la kwanza kuhusu ziwa ni mamba. Sio swali baya, na jibu lake ni waulize wenyeji wa palepale ulipofika, wao ndo wanajua ni mdomo upi wa mto na matete yapi ya kukaa nayo mbali, na kichocho nacho kinapenda hukohuko kwenye majani na maji yaliyotuama. Ila mimi kazi yangu ni kuzunguka na wageni ziwani na nasema kwa moyo wote, kwenye fukwe zetu kitu cha kwanza cha kuogopa ni propela ya boti, na ndicho ambacho hakuna mtu anayekiulizia.

Injini ya boti ikiwa spidi kubwa propela inazunguka zaidi ya mara 30 kwa sekunde moja. Alafu boti ndogo ikikimbia pua inanyanyuka juu, nahodha amekaa kule nyuma ameshika mkono wa injini, mbele anaona pua ya boti na abiria waliosimama kupiga picha, kichwa cha mtoto kilichotokeza juu ya maji hakioni kabisa mpaka amefika. Na wewe uliye majini usijipe moyo kwamba utasikia mlio, ukiwa umezamisha masikio unausikia lakini hujui unatokea upande gani.

Nchi nyingine wameshalimaliza hili kwa sheria. Ufaransa kwa mfano, ndani ya mita 300 kutoka ufukweni boti haitakiwi kuzidi nodi 5, yaani kama kilomita 9 kwa saa, na sehemu za kuogelea zinazungushiwa maboya ya njano na boti zinaachiwa njia yao ya kuingilia. Huku kwetu fukwe nyingi hata boya moja hakuna, kwaiyo huo mpaka inabidi tuuweke wenyewe kwa kuulizana na kuheshimiana. Ukifika sehemu muulize mlinzi au mzee yeyote uliyemkuta pale, "shikamoo mzee, boti zinashukia upande gani?", akikuonyesha wewe nenda upande mwingine, na usiogelee kwenda mbele ziwani, ogelea sambamba na ufukwe kwenye maji ya kifuani. Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, ndo usisahau kabisa, maana kule hakuna barabara, wageni, wafanyakazi, chakula, kila kitu kinaingia kwa boti pale Kasekela na watu wanapenda kuogelea hapohapo mbele wakitoka kupanda milima.

Kuna ufukwe mmoja, sitautaja jina, nilikuwa nimekaa na wageni wawili chini ya mwembe jioni, watoto wa kijijini wanaelea na tyubu ya gari, ikaja boti imejaa vijana na mziki umefunguliwa mpaka mwisho, inakuja moja kwa moja kwenye ile tyubu. Mama mmoja alikuwa anaanua dagaa, alilitupa beseni akaingia majini na khanga yake anapiga kelele na kupunga mikono, nahodha akakata kona ikiwa imebaki kama urefu wa mtumbwi mmoja tu. Watoto walipona wote. Vijana wakaruka pale mchangani wakapita juu ya dagaa wa yule mama, hakuna hata mmoja aliyesema samahani, na yule mama akainama akaanza kuwachambua dagaa na mchanga huku mikono inamtetemeka. Mtu ameshinda usiku ziwani na taa kuwatafuta hao dagaa, mwingine ameshinda na jua anawageuza, wewe unapita juu na sendo zako! Jamani dagaa wakianikwa mchangani hiyo ni mali ya mtu, zunguka.

Manahodha ndugu zangu, nyie mnajua kazi kuliko mimi lakini niseme. Punguza spidi mapema, ukiwa bado mbali na watu, sio unakuja moto alafu unazima dakika ya mwisho, boti haina breki. Ukishafika maji madogo zima injini, inyanyue, malizia kwa kasia au upondo. Ile kamba nyekundu ya kuzimia injini ifunge mkononi, haikuwekwa pale kama pambo, ukidondoka boti inazima yenyewe badala ya kuzunguka na kukurudia. Abiria washukie mbele, nyuma kwenye injini asishuke mtu, na kabla ya kuwasha tena geuka uangalie nyuma na uhesabu watu wako.

Na wewe abiria laifu jaketi vaa na ufunge mikanda tangu mko nchi kavu, usiikalie kama mto. Kama hakuna ya kukutosha usipande, hata kama wenzio wote wameshakaa na wanakuita muoga. TASAC ndo wenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, una haki ya kuuliza kama boti imekaguliwa na nahodha mzuri hawezi kukasirika ukimuuliza.

Sasa maji yenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 na mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, kule upande wa Kongo, maana yake tunachomwaga humu kinakaa sana. Watu wa vijijini wanachota hayahaya maji kunywa na kupikia, kwaiyo sabuni na shampuu oga nchi kavu na maji yamwagikie mchangani mbali na ziwa, na petroli ikimiminwa kwenye tenki iwe kwa faneli, sio kumwaga mwaga ufukweni. Nanga itupe kwenye mchanga, usiitupe kwenye mawe. Nenda ufukwe wa Jakobsen kule njia ya Katonga, vaa miwani ya maji, tumbukiza uso tu kwenye mawe ya pembeni, utaona samaki wadogo wa rangi ambao hujawahi kuwaona. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hiyo na karibu wote duniani wanapatikana hapa tu, na wengi wanaishi kwenye mawe hayohayo karibu na nchi kavu. Baadhi ya majike wanabeba mayai na vitoto mdomoni, unamuona kidevu kimevimba na hali kitu, huyo ukimkimbiza kimbiza kwa ajili ya video anavitema na wenzake wanavila palepale.

Gombe kuna na nyani wa ufukweni, wezi haswa, usilete chakula mchangani na begi usiliache na zipu wazi ukaenda kuogelea. Sokwe wao kaa nao mbali mita 10 na uvae barakoa, na kama una mafua sema ukweli, ahirisha, mafua yetu yanawaua.

Kitu kingine wageni hawakijui ni mbalamwezi. Siku za giza wavuvi wa dagaa wanakuwa ziwani usiku, ila mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazivuti samaki vizuri, wengi wanapumzika, kwaiyo ufukweni boti zinajaa na kamba za nanga zimetambaa chini ya maji huzioni. Siku hizo usipige mbizi katikati ya boti zilizofungwa. Ukitaka kupiga picha wanaoshona nyavu omba kwanza, na ukitoka majini kupita kijijini jifunge khanga au vaa shati, Ujiji na Kibirizi ni kwa watu wa heshima zao na watakupenda bure.

Mwisho ni muda. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hivi mpaka wa tisa, upepo wa kusini unachafua ziwa na asubuhi ndo huwa na nafuu. Boti za abiria za kwenda Mwamgongo na Kagunga zinaondoka Kibirizi mchana zikiwa na mizigo mpaka juu, kama una watoto au hujui kuogelea changeni na wenzio mkodi boti muondoke alfajiri, na nahodha akisema leo hatuendi msimbembeleze na wala msimuongezee hela.